Boti za kuvuta katika Ziwa Viktoria

Boti ya kuvuta (pia: tagi) ni chombo kidogo cha majini chenye injini kubwa kupita umbo lake, kinachotumika kuvuta au kusukuma vyombo vingine. Katika Ziwa Viktoria boti za namna hii zimefanya kazi tangu mwanzo wa karne ya 20, zikikokota matishari ya mizigo, zikisaidia meli kubwa kufunga gatini na kunasua vyombo vilivyopwelea. Hazijulikani sana kama meli za abiria. Majina ya MV Victoria na MV Bukoba yanatajwa na kila mtu wa Kanda ya Ziwa, lakini ni wachache wanaoweza kutaja boti moja ya kuvuta, ingawa ajali inapotokea chombo hicho ndicho kinachotafutwa kwanza.

Makala hii inaeleza historia ya boti hizo upande wa kusini na mashariki wa ziwa, hasa pwani ya Mkoa wa Mara, jinsi sifa zake zinavyosomwa, na jinsi mwendo wake unavyofuatiliwa.

Kazi

Kazi ya kwanza ni kuvuta matishari, yaani vyombo bapa vya mizigo visivyo na injini. Faida yake ni kwamba boti haihitaji kusubiri mzigo upakuliwe: huacha tishari moja gatini, hushika lingine na kuondoka. Mfumo huu uliifaa bandari ndogo isiyo na kreni kubwa wala maghala mengi. Hasara yake ni mwendo. Boti inayotembea yenyewe kwa noti 10 (kilomita 18.5 kwa saa) inaweza kushuka hadi noti 5 au chini ya hapo ikiwa na tishari lililojaa. Kwa mwendo huo, safari ya kilomita 240, ambazo ni karibu sawa na upana wa ziwa kutoka mashariki hadi magharibi, huchukua takriban saa 26, na ndani ya muda huo hali ya hewa ya ziwa inaweza kubadilika zaidi ya mara moja.

Kazi ya pili hufanyika bandarini. Meli ndefu haigeuki kwa urahisi kwenye mwendo mdogo, kwa sababu usukani unahitaji maji yanayopita kwa kasi ili ufanye kazi. MV Mwanza Hapa Kazi Tu, iliyoshushwa majini huko Mwanza tarehe 12 Februari 2023, ina urefu wa mita 92.6 na upana wa mita 17. Upepo wa ubavuni ukiikuta meli ya ukubwa huo karibu na gati, boti ya kuvuta inaweza kuisukuma au kuizuia pale ambapo injini zake zenyewe hazitoshi.

Kazi ya tatu ni uokoaji, nayo inaelezwa chini.

Historia

Chombo cha mvuke kinachotajwa mara nyingi kama boti ya kwanza ya kuvuta iliyofaa kazini ni Charlotte Dundas ya Uskoti, ambayo mwaka 1803 ilivuta matishari mawili ya tani 70 kila moja katika mfereji wa Forth na Clyde. Miaka mia moja baadaye teknolojia hiyo ilikuwa Afrika ya Mashariki, tena kwenye ziwa lililo mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, lisilofikika kwa meli kutoka Bahari ya Hindi. Ilibidi vyombo vijengwe kwanza Ulaya, vifunguliwe vipande vipande, visafirishwe hadi Mombasa na kupandishwa kwa reli mpaka Kisumu, ambako viliungwa upya. Reli ya Uganda ilifika Kisumu, wakati huo Port Florence, mwaka 1901. Meli nyingi za reli hiyo zilitengenezwa na kiwanda cha Bow, McLachlan huko Paisley, Uskoti. Miongoni mwazo zilikuwa SS Winifred na SS Sybil, na pia boti ya kuvuta iliyoitwa Kavirondo.

Upande wa kusini, uliokuwa chini ya Wajerumani, kulikuwa na boti ya kuvuta iliyoitwa Muansa, kwa tahajia ya Kijerumani ya jina la mji wa Mwanza. Vita vikuu vya kwanza vilipoanza mwaka 1914, boti hizi za kazi zilifungwa silaha. Muansa ndiyo iliyokuwa tishio kuu la Wajerumani majini, ingawa ilikuwa ndogo kuliko meli za Waingereza. Mnamo Septemba 1914 Winifred ilipofika Karungu, leo katika Kaunti ya Migori nchini Kenya, ilirudishwa nyuma. Iliporudi ikifuatana na Kavirondo, Wajerumani waliondoka.

Matukio mawili yaliyofuata yalitokea karibu na pwani ya Mara ya leo. Mnamo Novemba 1914 SS Sybil iligonga mwamba karibu na Majita, kusini magharibi mwa Musoma, ikabidi ipandishwe ufukoni. Ilikaa huko hadi mwaka 1915, ambapo Waingereza walituma kikosi kuinasua. Mnamo Machi 1915 Winifred iliikuta Muansa katika mlango wa Rugezi, mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha Ukerewe na bara, ikaikimbiza mpaka ikapwelea. Msafiri wa leo anayevuka kwa kivuko kutoka Kisorya, wilayani Bunda, kwenda Rugezi anapita katika maji hayohayo. Mwanza yenyewe ilitekwa na Waingereza mnamo Julai 1916.

Kwa kuangalia nyuma, kilichoonekana wazi katika vita hivyo ni thamani ya kujua mahali chombo kilipo. Pande zote mbili zilitumia siku nyingi kutafutana kati ya visiwa na miamba bila ramani kamili, na habari za mwendo wa adui zilitoka kwa watu wa pwani waliouona moshi.

Baada ya vita meli na matishari ya Kisumu yaliendelea kubeba pamba, ngozi na mazao mengine kutoka bandari ndogo za kuzunguka ziwa. Hali ilianza kubadilika reli ya kati ilipofika Mwanza mwaka 1928, na tena miaka ya 1960 zilipokuja meli zenye injini zinazobeba mabehewa ya treni moja kwa moja, kama MV Umoja na MV Uhuru. Behewa lililopakiwa bandarini liliweza kuvuka ziwa bila kupakuliwa, jambo ambalo tishari la kuvutwa halikuweza kushindana nalo.

Musoma ilibaki pembeni. Bandari yake haijawahi kufikiwa na reli, ingawa mpango wa reli ya Tanga–Arusha–Musoma umetajwa kwa miaka mingi. Barabara ya lami inayotoka Mwanza kupitia Bunda na Kiabakari kuelekea Musoma na mpaka wa Sirari ndiyo iliyochukua mzigo mkubwa uliokuwa ukipita majini. Lori linafika siku hiyohiyo. Tishari lilihitaji boti, na boti ilihitaji ratiba.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali ilipovunjika mwaka 1977, vyombo vya ziwani viligawanywa kati ya nchi wanachama. Upande wa Tanzania vilikuwa chini ya Shirika la Reli, kisha chini ya Kampuni ya Huduma za Meli (MSCL) ya Mwanza, ambayo sasa inaitwa Kampuni ya Meli Tanzania (TASHICO). Boti ya kuvuta ya kampuni hiyo inaitwa MT Ukerewe. Hapa msomaji aangalie asipotoshwe na herufi: “MT” hutumiwa kwa kawaida kwa meli za mafuta, na MT Nyangumi ya Ziwa Viktoria na MT Sangara ya Ziwa Tanganyika kweli ni meli za mafuta, lakini MT Ukerewe si ya mafuta.

Sifa za kiufundi

Anayesoma orodha ya sifa za boti ya kuvuta mara nyingi huanza na urefu, naye hukosea. Boti ya mita 30 inaweza kuwa na nguvu mara tatu ya nyingine yenye urefu uleule. Kipimo muhimu ni nguvu ya mvuto gatini: boti hufungwa kwa kamba kwenye nguzo imara, injini huendeshwa kwa nguvu zote, na mashine iliyo kwenye kamba huonyesha tani ngapi zinavutwa. Makadirio ya kawaida ni kati ya tani 1 na tani 1.4 kwa kila nguvu-farasi 100 za injini. Tofauti hutokana zaidi na rafadha: ikizungushiwa bomba fupi la chuma husukuma maji vizuri zaidi katika mwendo mdogo kuliko ikiwa wazi.

Namna rafadha ilivyofungwa ndiyo inayotofautisha boti za kale na za sasa. Za kale zina rafadha moja au mbili zisizogeuka, na usukani nyuma yake. Za sasa nyingi zina rafadha zinazozunguka nyuzi 360 chini ya tezi, hivyo boti inaweza kwenda upande wowote, hata kinyumenyume kwa nguvu ileile. Mfumo mwingine, wa Voith Schneider, una mapanga yaliyosimama wima yakizunguka kama sahani chini ya boti. Ulianza kutumika Ulaya katika miaka ya 1920.

Tofauti hii si ya anasa. Hatari kubwa ya boti ya kuvuta ni kamba kuivuta kwa ubavu. Meli inayovutwa ikienda kasi kuliko boti, au ikigeuka ghafla, kamba hukaza kwa upande na boti inaweza kupinduka kwa sekunde chache, wakati mabaharia bado wako chini kwenye injini. Kwa sababu hiyo kulabu ya kamba huwa na kifaa cha kuifungua mara moja kutoka chumba cha nahodha, na milango ya sitaha hutakiwa kufungwa wakati wa kuvuta. Kwenye karatasi ya sifa, kifaa hicho kinastahili kuangaliwa kabla ya nguvu-farasi.

Kipimo kingine kinachochanganya ni tani za ujazo. Hizo si uzito wa chombo wala wa mzigo. Ni hesabu ya nafasi iliyofungwa ndani yake. Zina umuhimu kwa sababu sheria nyingi za kimataifa huanza kufanya kazi kwenye tani 300 au 500 za ujazo, na boti nyingi za kuvuta ziko chini ya hapo.

Namba za utambulisho

Jina la chombo hubadilika kikiuzwa au kikipakwa rangi upya, na vyombo viwili vinaweza kuwa na jina moja. Kwa hiyo wafuatiliaji hutegemea namba.

Ya kwanza ni namba ya Shirika la Bahari Duniani (IMO), yenye tarakimu saba, ambayo haibadiliki tangu chombo kinapojengwa hadi kinapokatwa kuwa vyuma chakavu. Tangu mwaka 1996 ni lazima kwa meli za abiria za tani 100 za ujazo na kuendelea, na meli za mizigo za tani 300 na kuendelea, ziendazo safari za kimataifa. Tarakimu ya saba ni ya ukaguzi. Kwa mfano, katika 9074729 tarakimu sita za kwanza huzidishwa kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2: 63 + 0 + 35 + 16 + 21 + 4 = 139. Tarakimu ya mwisho ya jibu ni 9, sawa na ya saba, kwa hiyo namba imeandikwa sawasawa. Mwanafunzi anaweza kutumia hesabu hii kugundua namba iliyonakiliwa vibaya. Chombo cha ziwani ambacho hakijawahi kutoka nje ya maji ya ndani kinaweza kukosa kabisa namba ya IMO.

Ya pili ni namba ya redio yenye tarakimu tisa, inayoitwa MMSI. Tatu za kwanza huonyesha nchi: 674 ni Tanzania, 677 pia Tanzania (Zanzibar), 634 Kenya, 675 Uganda. Tofauti na namba ya IMO, hii hubadilika chombo kinapobadili bendera.

Kufuatilia mwendo

Chombo chenye Mfumo wa Utambuzi wa Kiotomatiki (kwa kifupi AIS) hutuma kwa redio namba yake, mahali kilipo, mwendo na mwelekeo, kwenye masafa ya 161.975 na 162.025 megahezi. Chombo cha daraja la A kinachotembea chini ya noti 14, kama boti yoyote ya kuvuta, hutuma kila sekunde 10, na mara nyingi zaidi kinapogeuka. Kikitia nanga, kila dakika 3. Jina, aina na vipimo hutumwa kila dakika 6. Boti ya kuvuta ina namba ya aina 52. Inapokuwa kazini hutumia 31, au 32 ikiwa msafara wa kuvutwa una urefu unaozidi mita 200 au upana unaozidi mita 25.

Mahali na mwendo hutoka kwenye setilaiti za GPS na kwa kawaida ni sahihi. Hali ya chombo, kina chake majini na mwisho wa safari huandikwa na mtu kwa mkono, na mara nyingi husahauliwa. Si ajabu kuona boti iliyofungwa gatini siku tatu ikitangaza kwamba iko safarini. Mfuatiliaji mzoefu huamini mwendo kuliko maneno: boti iliyotoka bandarini kwa noti 10, ikasimama nusu saa, kisha ikaendelea kwa noti 4 kwa mstari ulionyooka, karibu hakika imeshika tishari, hata kama haijabadili alama yake. Mistari mifupi inayojirudia mbele ya gati inaonyesha kazi ya kufunga meli.

Kuna mipaka. Redio hizi hufika mbali kadiri antena zinavyoonana, yaani makumi machache ya kilomita kwa antena ya kawaida ya pwani. Ziwa Viktoria lina kilomita za mraba 68,800 hivi, na visiwa na vilima vyake hukatiza mawimbi. Pasipo na mnara wa kupokea, chombo hutoweka kwenye ramani ingawa kipo salama. Setilaiti husaidia, lakini kwa kuchelewa. Aidha, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini unalazimisha kifaa hiki kwa meli za abiria, na kwa meli nyingine za tani 300 za ujazo na kuendelea ziendazo safari za kimataifa, au tani 500 kwa zisizotoka nje ya nchi. Boti ndogo ya kuvuta inaweza isiwe na kifaa bila kuvunja mkataba huo. Kutoonekana kwenye ramani, kwa hiyo, si ushahidi kwamba chombo hakipo.

Uokoaji na usimamizi

MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ilielea kichwachini kwa muda kabla ya kuzama kabisa. Watu zaidi ya 800 walikufa. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018, kilikuwa kimekaribia sana gati la kisiwa cha Ukara. Zaidi ya watu 220 walikufa, na kazi ya kukigeuza na kukivuta ufukoni ilichukua siku kadhaa. Katika ajali zote mbili mahali chombo kilipo palijulikana. Swali lilikuwa ni chombo gani chenye nguvu, vifaa na wapiga mbizi kiko karibu, na kitafika baada ya saa ngapi. Hapo ndipo orodha sahihi ya boti za kuvuta, pamoja na nguvu zake za mvuto na mahali zilipo, inapokuwa suala la uhai.

Upande wa Tanzania usalama wa vyombo vya majini husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililochukua kazi hiyo kutoka SUMATRA. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipitisha Sheria ya Usafiri wa Ziwa Viktoria ya mwaka 2007. Tanzania na Uganda, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, zina mradi wa pamoja wa mawasiliano na uchukuzi ziwani unaohusisha kituo cha uratibu wa utafutaji na uokoaji mkoani Mwanza.

Taa na alama

Wengi wanaokutana na boti ya kuvuta usiku hawana kifaa cha AIS. Ni wavuvi wa dagaa, wanaofanya kazi usiku wa giza la mwezi wakiwa na taa za kuvutia samaki, ambazo zenyewe huwafanya wasione mbali. Kwao hatari si boti yenyewe bali nafasi iliyo nyuma yake: kati ya boti na tishari kuna kamba ya chuma ambayo mara huzama na mara hukaza juu ya maji, na tishari linalofuata halina breki.

Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano zimeweka ishara za kusomeka kwa macho. Chombo cha kawaida chenye injini huonyesha taa moja nyeupe mbele mlingotini, na ya pili nyuma yake juu zaidi kikiwa na urefu wa mita 50 na zaidi. Boti inayovuta huonyesha taa mbili nyeupe zilizopangwa wima mbele, moja juu ya nyingine. Zikiwa tatu, maana yake umbali kutoka tezi ya boti hadi mwisho wa kinachovutwa unazidi mita 200. Nyuma huwa na taa ya njano juu ya ile nyeupe ya tezi. Mchana, msafara unaozidi mita 200 hutambuliwa kwa umbo jeusi la almasi lililotundikwa juu ya boti na juu ya tishari. Tishari lenyewe linapaswa kuwa na taa za ubavuni, nyekundu kushoto na kijani kulia, na nyeupe nyuma, lakini taa hizo huwa chini na hufichwa na mawimbi. Mvuvi aliyeona taa tatu za wima zikipita mbele yake anatakiwa kuhesabu kwamba bado kuna zaidi ya mita 200 za kamba na chuma kabla njia haijawa wazi.